Sura ya Nne: Injini za Wengine

Tarehe 7 Novemba 2022, saa saba na dakika 32 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, roketi aina ya Antares iliondoka Wallops, pwani ya Virginia nchini Marekani, ikipeleka shehena kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ndani ya shehena hiyo kulikuwa na mchemraba wa sentimita 10 kila upande uitwao PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyobuniwa na kuundwa na wahandisi watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Tarehe 2 Desemba ilitolewa kituoni pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe, ikaanza kuizunguka dunia. Shangwe zilikuwa za haki. Lakini katika shangwe za namna hii hutajwa kilichorushwa, na kilichorusha husahaulika. Antares ya siku ile iliinuliwa na injini mbili za RD-181, kazi ya kiwanda cha Energomash kilichopo Khimki, kando ya Moscow. Hatua yake ya kwanza, pamoja na matangi yake, ilitengenezwa na kiwanda cha Yuzhmash mjini Dnipro, Ukraine. Yaani kazi ya Waganda ilipanda angani juu ya kazi ya Warusi na Waukraine, wakati nchi hizo mbili zikiwa katika mwezi wa tisa wa vita, na miezi minane baada ya Urusi kutangaza kwamba haitawauzia tena Wamarekani injini za roketi. Roketi ile iliruka kwa injini zilizokuwa zimeshafika ghalani. Baada yake iliruka nyingine moja tu ya aina hiyo, Agosti 2023, na hapo zikaisha. Setilaiti ya Uganda ingechelewa miezi kumi, ingelazimika kutafutiwa usafiri mwingine.

Ukitazama majirani, picha ni ileile, ila mwenye injini hubadilika. RwaSat-1 ya Rwanda ilipelekwa mwaka 2019 na roketi ya Japani, H-IIB. ETRSS-1 ya Ethiopia ilirushwa Desemba mwaka huohuo kutoka Taiyuan kwa roketi ya Kichina. Taifa-1 ya Kenya iliondoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023 juu ya Falcon 9, yaani juu ya injini tisa za Merlin za kampuni ya SpaceX. Nchi nne, injini za mataifa manne. Hapo ndipo ulinganisho wa mipango ya anga unapopaswa kuanzia, kwa sababu orodha ya setilaiti inaweza kurefushwa kwa fedha na urafiki, lakini injini haipatikani kwa njia hiyo. Hoja ya sura hii ni kwamba kinachozitenganisha nchi zenye injini na nchi zisizo nazo si utajiri wala akili, wala mahali zilipo kwenye ramani. Ni mambo mawili ambayo kwa kawaida hayaonekani katika picha za sherehe: kiwanja cha kuichomea injini hadi ivunjike na sababu ya kuvunjika ijulikane, na kundi la watu wanaoruhusiwa kubaki pamoja katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Nchi iliyokosa kimojawapo imepoteza hata injini iliyokuwa nayo. Na ikiwa hoja hii ni kweli, basi Uganda ina jambo la kufanya kabla ya kufikiria roketi, na sehemu kubwa ya jambo hilo iko kusini-magharibi, katika mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Kwanza tuelewe ugumu wenyewe ulipo. Kanuni ya injini ya roketi ni nyepesi: choma fueli na oksijeni ndani ya chumba kimoja, acha gesi itoke nyuma kwa kasi kubwa, nayo roketi itasukumwa mbele. Taabu ni kwamba joto la chumba hicho hupita nyuzi 3,000 za Selsiasi, joto linaloyeyusha chuma chochote kinachotumika kukijenga, na umbali wa sentimita chache tu kutoka hapo kuna oksijeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Ukuta wa chumba huponea kwa sababu mafuta yenyewe hupitishwa ndani ya mifereji myembamba iliyozunguka ukuta, yakibeba joto kabla ya kwenda kuungua. Pampu zinazosukuma vimiminika hivyo ni mashine za kutisha. Injini ya F-1, ambayo tano kati yake ziliiinua roketi iliyopeleka watu mwezini, ilimeza zaidi ya tani mbili na nusu za oksijeni na mafuta ya taa kila sekunde, na pampu yake ilihitaji nguvu ya farasi wapatao 55,000. Katika mazingira hayo moto hautulii. Huanza kutikisika, shinikizo likipanda na kushuka mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na mtikiso huo unaweza kuipasua injini kabla mtu hajawahi kubonyeza kitufe cha kuizima. Hadi leo hakuna hesabu inayoweza kuhakikisha kwa karatasi peke yake kwamba injini mpya haitatikisika. Lazima ichomwe.

Wamarekani walilijua hilo kwa gharama. Mwaka 1962 F-1 ilipokuwa ikiendelea kujipasua katika majaribio, waliunda kikosi maalumu cha kuushughulikia mtikiso, wakafanya takriban majaribio 2,000 ya injini nzima, na wakafikia hatua ya kutega mabomu madogo ndani ya chumba cha mwako makusudi, ili kuutibua moto na kupima utatulia kwa muda gani. Walibadilisha mpangilio wa matundu na vizuizi vya bamba la kunyunyizia mafuta mpaka injini ikawa inatuliza mtikiso wenyewe kwa sehemu ndogo ya sekunde. Roketi ya Saturn V iliruka mara 13, na hakuna F-1 hata moja iliyoiangusha. Wasovieti, upande wa pili, walikuwa na wataalamu wa metali waliowapita. Walipata aloi na tabaka za kukinga chuma kisiliwe na gesi ya moto yenye oksijeni nyingi, jambo ambalo wahandisi wengi wa Marekani waliamini haliwezekani, na kwa hiyo injini zao zilitoa msukumo mwingi zaidi kwa kila kilo ya fueli. Lakini roketi yao ya mwezini, N1, ilikuwa na injini 30 katika hatua ya kwanza, na hawakujenga jukwaa la kuichoma hatua hiyo nzima ikiwa imefungwa ardhini. Zaidi ya hapo, vali za injini zake zilikuwa za kufunguka mara moja tu, hivyo injini iliyokwisha kuchomwa haikuweza kuruka. Walichukua chache kutoka kila kundi, wakazichoma, na zikifaulu, zilizosalia zilifungwa kwenye roketi bila kuguswa na moto. N1 ilirushwa mara nne kati ya Februari 1969 na Novemba 1972, ikaanguka mara zote nne. Injini bora zaidi duniani ilishindwa na injini duni kwa kukosa kiwanja.

Hatima ya injini zile inaongeza fundisho la pili, lile la watu. Toleo lililoboreshwa, NK-33, lilikuwa tayari programu ilipofutwa. Amri ilitoka injini ziharibiwe, lakini waliozitengeneza kule Samara, mji ulioitwa wakati huo Kuibyshev, walizificha ghalani. Miaka ya 1990 Wamarekani walizigundua, wakazinunua, wakazibadilisha kidogo na kuzipa jina la AJ26, na Antares za mwanzo ziliruka nazo. Tarehe 28 Oktoba 2014, sekunde chache baada ya kuondoka Wallops, pampu ya oksijeni ya mojawapo ililipuka na roketi ikarudi kuangukia karibu na pedi yake. Wachunguzi wa NASA na wachunguzi wa kampuni iliyoirusha hawakukubaliana kikamilifu juu ya chanzo. Chuma kilikuwa kimesafiri miaka arobaini, lakini kundi la watu waliokijua kwa vidole vyao lilikuwa limetawanyika au limezeeka. Ndiyo sababu kampuni ikahamia RD-181, ambayo wajenzi wake walikuwa bado kazini, na ndivyo Uganda ilivyokuja kupandia injini hiyo.

Japani imelionyesha jambo hili kwa namna inayostahili heshima. Tarehe 15 Novemba 1999 roketi yake ya H-II ilipotea baada ya injini ya LE-7 kuzimika ghafla, na mabaki yakazama Bahari ya Pasifiki. Nchi nyingine ingeandika ripoti ya makisio. Wajapani walituma vyombo vya utafiti wa bahari, wakaitafuta injini katika kina cha karibu mita 3,000, wakaipata, wakaivuta juu, wakaifungua. Walikuta kwamba mapovu katika hidrojeni ya kimiminika yalikuwa yameitikisa parafujo ya kuvutia ya pampu mpaka ubapa wake ukachoka na kukatika. Injini iliyofuata, LE-7A, ilirekebishwa kutokana na ushahidi huo, na mbili za aina hiyo ndizo zilizoibeba RwaSat-1 miaka ishirini baadaye. Sifahamu mfano bora kuliko huu wa maana ya kumiliki teknolojia. Mwenye injini ni yule anayeweza kusema kwa nini ilivunjika.

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya mataifa yaliyoanza zamani. India inakanusha. Mwaka 1974 shirika lake la anga lilikubaliana na kampuni ya Ufaransa ya SEP kuhusu injini ya Viking. India haikununua injini. Ilipeleka wahandisi wake Vernon, Ufaransa, kazi yao kwa jumla ikiwa sawa na ya mtu mmoja kwa miaka mia, wakaisaidia Ufaransa kuimaliza injini yake, na kama sehemu ya mapatano ikatoa pia vipima shinikizo vilivyotengenezwa India. Walirudi na michoro, lakini hasa walirudi na mikono iliyozoea. Injini yao, Vikas, ilichomwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na tangu miaka ya 1990 inainua setilaiti. Linganisha na walipotaka kununua. Mwaka 1991 India ilifunga mkataba na Wasovieti kuhusu injini ya hidrojeni. Marekani ikaweka vikwazo kwa hoja kwamba teknolojia hiyo ni ya makombora, na mwaka 1993 Urusi ikaondoa kipengele cha kuhamisha ujuzi, ikabakiza kuuza injini zilizokwisha tengenezwa. India ikalazimika kuijenga yake mwenyewe. Jaribio la kwanza la kuruka, Aprili 2010, lilishindwa. La Januari 2014 likafaulu. Miaka ishirini ilipita kati ya mlango kufungwa na mlango kufunguliwa kwa nguvu zao. Korea Kusini ilipita njia kama hiyo: ilirusha roketi ya Naro kwa hatua ya kwanza ya Kirusi ambayo haikuruhusiwa kujifunza undani wake, ikashindwa 2009 na 2010, ikafaulu 2013, lakini ikabaki bila injini. Ndipo ikajenga majukwaa yake ya majaribio, ikahangaika na mtikiso wa mwako uleule uliowasumbua Wamarekani, na tarehe 21 Juni 2022 roketi ya Nuri ikafika mzingoni kwa injini za Kikorea.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu Afrika Mashariki na Kati imeshawahi kuwa mwenyeji wa roketi kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitaliano walirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Huko Zaire, Kongo ya leo, kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilikodishiwa na Rais Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba, na juu ya bonde la Mto Luvua ikarusha roketi tatu za majaribio, Mei 1977, Mei 1978 na Juni 1978, ya mwisho ikianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979, Moscow na Paris zilipokwisha kubana vya kutosha, kampuni ilifukuzwa ikahamia Libya. Injini za OTRAG hazikuwa na pampu kabisa. Hewa iliyoshindiliwa tangini ndiyo iliyosukuma fueli, na nguvu ingepatikana kwa kufunga injini nyingi ndogo pamoja. Kwa usahili wake huenda ilikuwa injini pekee katika historia yote ya miaka ile ambayo karakana ya Lubumbashi ingeweza kujifunza kuitengeneza. Haikujifunza, kwa sababu mkataba ulikuwa wa ardhi, na ardhi ndiyo iliyotolewa. Malindi ni vivyo hivyo. Italia ilitumia uzoefu wa San Marco kuwaza roketi yake ndogo ya fueli mango, na wazo hilo baada ya safari ndefu likazaa Vega, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2012. Kenya ilibaki na jukwaa na kumbukumbu.

Uzi huu unafika hadi Nakivale kwa njia ambayo haikupangwa na yeyote. Mwaka 2015 na 2017 Vega ilizipeleka angani Sentinel-2A na Sentinel-2B za Ulaya, ambazo zilibuniwa ili kwa pamoja zipite juu ya kila mahali katika ikweta kila siku tano, zikipiga picha ambazo nukta yake moja ni mita 10 kwa 10, na picha hizo hutolewa bure. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza Wanyarwanda, kisha Warundi, Wasomali, na leo Wakongo ndio wengi zaidi. Yako katika ukanda wa wafugaji unaopigwa na ukame mara kwa mara, kando ya ziwa la kina kifupi ambalo kingo zake husogea mvua ikipungua na mashamba yakiongezeka. Shamba la mita 50 kwa 50 huingia katika nukta 25 za Sentinel-2. Hiyo inatosha kuona kama mahindi yamekauka, kama kinamasi kimelimwa, kama maji yamerudi nyuma. Kwa hiyo familia iliyotoka Manono, si mbali na mahali OTRAG iliporushia roketi zake, leo inaweza kupigwa picha shambani kwake Nakivale na setilaiti iliyobebwa na roketi ambayo mizizi yake imepita Malindi. Mchango wetu katika mnyororo huo wote ulikuwa mahali pa kusimama.

Kuna wanaosema mahali penyewe ndiyo mtaji. Ikweta inaikata barabara ya Kampala kwenda Mbarara pale Kayabwe, na dunia inapozunguka, kila kitu kilicho juu ya ikweta tayari kinakwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde. Kwa nini Uganda isirushe roketi? Tufanye hesabu. Kuzunguka dunia kunahitaji mita zipatazo 7,800 kwa sekunde. Wallops, iliyo mbali kaskazini, hupata zawadi ya mita 367 hivi. Faida ya ikweta juu ya Wallops ni mita 100 tu kwa sekunde, kiasi ambacho injini iliyo bora kidogo hukifidia bila taabu. Tena zawadi hiyo ni ya wanaokwenda mashariki. Setilaiti za kutazama mashamba, kama Sentinel-2, huzunguka kupitia karibu na ncha za dunia, na kwa hizo kasi ya ikweta haisaidii kitu. Brazil ina kituo cha Alcântara, nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta, chenye bahari upande wa mashariki. Mamia ya familia za wazao wa watumwa zilihamishwa ili kijengwe. Tarehe 22 Agosti 2003 mota moja ya roketi ya VLS iliwaka kabla ya wakati, watu 21 wakafa, wengi wao wakiwa mafundi na wahandisi ambao nchi ilikuwa imewalea kwa miaka mingi. Brazil haijafikisha hadi leo setilaiti mzingoni kwa roketi yake yenyewe. Uganda haina hata hiyo bahari: hatua ya kwanza ya roketi iliyorushwa kuelekea mashariki ingeanguka juu ya vichwa vya watu. Na Isingiro, ambako wenyeji na wakimbizi tayari wanagombania ekari, haina ardhi ya kuazima.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Nakivale kwenyewe. Mgao wa chakula wa wakimbizi Uganda umekuwa ukipunguzwa tangu 2020 kwa kukosa wafadhili. Kuna haki gani kuzungumza injini mbele ya mama ambaye unga wa mwezi haufiki mwisho wa mwezi? Sina nia ya kulikwepa swali hili, na jibu langu halianzi kwa kusema kwamba anga italeta chakula. Shilingi ya kujenga injini ya roketi Uganda leo ingekuwa shilingi iliyoibwa kwa mama huyo. Ninachopinga ni hatua inayofuata katika hoja hiyo, kwamba kwa kuwa hatujengi injini basi habari za injini hazituhusu. Picha zinazosaidia kupanga msaada, kupima ziwa na kutabiri ukame hufika bure leo kwa sababu bunge la mbali limeamua hivyo, juu ya roketi ambayo injini ya hatua yake ya mwisho ilitengenezwa Ukraine. Uamuzi unaweza kubadilika, na vita tayari vimeonyesha kwamba injini inaweza kukoma kupatikana kwa tangazo moja la asubuhi. Anayetegemea injini za wengine ana wajibu wa kujua ni za nani, zimebaki ngapi, na nani mwingine anaweza kumbeba. Hilo halimgharimu mama wa Nakivale chochote, na kutolijua kunaweza kumgharimu.

Wengine watasema kwamba elimu ya injini ni elimu ya silaha, na hapo wana haki kuliko wanavyoamini. Injini iliyofungua historia yote hii ni ya kombora la V-2, lililopiga London na Antwerp. Nchi za Maziwa Makuu zina wakimbizi kwa sababu ya silaha zilizopo; mashindano ya makombora kati ya miji mikuu yetu yangejaza Nakivale upya. Ndiyo sababu naona si busara kwa Uganda, Rwanda au Kongo kutafuta injini kubwa kila moja kwa siri yake. Lakini yale mambo mawili niliyoyataja, kiwanja cha kupimia na kundi la watu, hayahitaji kombora ili yaanze.

Mbarara imeshaanza kupima. Kituo cha GPS kinachojulikana kwa wataalamu kama MBAR ni sehemu ya mtandao wa kimataifa unaofuatilia mwendo wa mabamba ya dunia kwa milimita, na kituo cha mitetemo ya ardhi cha Mbarara kimo katika orodha ya mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kina wanafizikia wanaochunguza tabaka la anga lenye chaji za umeme juu ya ikweta, ambalo baada ya jua kutua huchafuka na kuvuruga mawimbi ya setilaiti. Uchafukaji huo ni wa ukanda wetu hasa, na kila nchi yenye injini inahitaji vipimo vyake. Kusoma mtikiso mdogo ndani ya mawimbi mengi, kujua kifaa kinadanganya lini, kutunza rekodi ya miaka kumi bila pengo: huo ndio ustadi uliotumika kuituliza F-1. Na India, tukumbuke, sehemu ya tiketi yake ya kwenda Vernon ilikuwa vipima shinikizo.

Kuhusu watu, historia ina majina mawili ambayo kila wizara ya elimu ingepaswa kuyajua. Qian Xuesen alikuwa mmoja wa waanzilishi wa maabara ya roketi ya Pasadena, California. Mwaka 1950 Marekani ilimshuku kuwa mkomunisti, ikamnyang'anya kibali, ikamzuia miaka mitano, kisha 1955 ikamwachia aende China, na huko akawa baba wa roketi za Kichina. Nambi Narayanan aliongoza Wahindi waliokwenda Vernon. Mwaka 1994 alikamatwa kwa tuhuma za ujasusi zilizothibitika baadaye kuwa za uongo, na Mahakama ya Juu ya India iliamuru alipwe fidia mwaka 2018, akiwa mzee. Nchi mbili kubwa zilijiumiza zenyewe kwa kumtilia shaka mtu mwenye ujuzi. Uganda ina sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inayowaruhusu kufanya kazi na kutembea, sheria ambayo nchi nyingi tajiri hazina. Hata hivyo mwalimu wa fizikia aliyekimbia Bukavu au fundi mitambo aliyetoka Bujumbura hukwama kwenye karatasi: vyeti vimeungua, au vipo kwa Kifaransa na kuvilinganisha kunahitaji ada asiyo nayo. Anabaki kulima robo eka ilhali maabara ya Mbarara, mwendo wa nusu siku kutoka alipo, inatafuta mikono. Kumpima kwa mtihani wa vitendo badala ya karatasi ni gharama ndogo kuliko setilaiti yoyote.

Na wale ambao Uganda imeshawasomesha? Setilaiti ndogo zinazotolewa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga hukaa juu mwaka mmoja au miwili hivi, kisha hushuka na kuungua. Wahandisi hawaungui, ila huajiriwa kwingine. Mpango unaopeleka watu watatu Japani, ukasherehekea, kisha ukangoja miaka kumi kupeleka wengine, unarudia kosa la Samara kwa kiwango kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ina Kongo na Somalia ndani yake, ingeweza kufanya jambo ambalo hakuna mwanachama anayeliweza peke yake. Kila nchi inapojadili kurushiwa setilaiti, na Japani, Italia, India au China, hujadili nafasi ya mzigo. Ingefaa ijadili pia nafasi za watu kwenye kiwanja cha majaribio: Tanegashima nchini Japani, Mahendragiri nchini India, au Sardinia nchini Italia ambako baadhi ya mota za Vega huchomewa. Idadi iandikwe kwa miaka ya kazi kama India ilivyofanya 1974, na mkataba wa ajira wa kurudia Mbarara, Nairobi au Kigali usainiwe kabla ndege haijaondoka Entebbe. Italia inayo sababu ya kusikiliza, maana kituo chake cha Malindi bado kinaendeshwa kwa makubaliano na Kenya, na makubaliano hayo huja kuhuishwa.